Mkono wa Jioni

Juu ya mlango wa ghala la mazao, nyuma ya maegesho ya malori pale Mikumi, kulikuwa na msumari mrefu, na tangu mwezi wa pili msumari ule ulibeba kofia ya Beda. Haikuwa kofia ya dukani. Lilikuwa gunia la katani, pembe moja imesukumwa ndani ya nyingine, likavaliwa kichwani likafunika kisogo na mgongo ili mzigo usimchubue mtu. Nyuma liliandikwa namba saba kwa rangi nyekundu.

Genge la makuli wa ghala lile lilikuwa na namba kumi na mbili, wala hazikuzidi. Aliyeumia hakunyang'anywa namba papo hapo; kofia yake ilitundikwa, ikamngoja. Lakini siku aliyosema amepona, sharti apande ubao. Alibebeshwa gunia la lumbesa, lile linaloshindiliwa mpaka likavishwa kilemba cha nyavu juu, akapanda nalo ubao hadi kwenye bodi la lori bila kupumzika na bila kushikwa. Akifika, alitunguliwa kofia yake. Asipofika, kofia alipewa mwingine, na ubao haukurudiwa. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika. Walikuja nayo wazee waliotoka kwenye mashamba ya mkonge ya Kilosa, nao walisema ndivyo walivyopimwa baba zao.

Beda alikuwa na miaka thelathini na minane. Babu yake alitoka Ubena kuja kukata mkonge, baba yake akazaliwa kambini Kilosa, na yeye akazaliwa katika chumba kilekile. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kurithi shamba. Walirithishana mabega.

Siku ya kuumia kwake kulikuwa na manyunyu. Ubao uliteleza, akaanguka yeye na gunia lake, na mkono wa kushoto ukavunjika juu ya kiwiko. Wiki nane alikaa na plasta ngumu. Ilipokatwa, Beda aliutazama mkono uliotoka ndani yake kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Ulikuwa umesinyaa, mweupe kwa magamba, ngozi imelegea kama soksi iliyovuliwa. Filomena, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya Kilosa alikotibiwa Beda, alimpa karatasi yenye michoro na kumwambia arudi kila baada ya wiki mbili. Alirudi mara mbili. Baada ya hapo akampata Goodhope, naye hakuona tena haja ya karatasi.

Goodhope alikuwa utingo zamani. Sasa alikuwa na uwanja wa vyuma nyuma ya nyumba moja ya wageni: ngoma za breki za malori kwa ajili ya uzito, ekseli moja iliyopinda kidogo, ndoo zilizojazwa zege, na kioo cha pembeni cha lori kilichofungwa kwenye nguzo. Hakuvaa shati lenye mikono hata siku za baridi.

"Kaka, sikiliza," alimwambia Beda siku ya kwanza, huku akijipiga kofi begani. "Siri ya vyuma ni moja tu. Kujaa. Ukisikia msuli umejaa, unabana, ngozi inataka kupasuka, ujue hapo unakua. Usipojaa, umetoa jasho la bure."

"Na mfupa je?"

"Mfupa umeshaunga. Wewe jaza."

Beda alishika ngoma ndogo ya breki akaiinua kuelekea begani kwa kukunja kiwiko mara ishirini, akapumzika, akarudia. Mkono ukaanza kuwaka moto. Kisha ukajaa. Mishipa iliyokuwa imezama tangu mwezi wa pili ikapanda juu, na katika kile kioo chembamba cha lori aliona duara la msuli limesimama mahali palipokuwa na bonde. Alikaa kitako juu ya ndoo ya zege, akaushika kwa mkono wa kulia, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuamini kwamba mkono ule hautarudi.

Jioni ileile alichukua uzi wa katani, akauzungusha kwenye mkono uliojaa, na mahali ulipokutana akafunga fundo.

Tangu hapo kila wiki, akitoka kwenye vyuma na jasho bado linamtiririka, alipima. Fundo la pili likapita la kwanza, la tatu likapita la pili. Yalikuwa yamekaribiana kama shanga, na huenda matumaini nayo yalikuwa yakiulegeza uzi kidogo kila alipoufunga, lakini yalikwenda mbele, na kwa Beda hilo lilitosha. Kuna jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Kila mkono ulipokaribia kuchoka kwelikweli aliusikia tena ule mlio wa mfupa chini ya gunia, akaogopa. Kujaa kulimpa ruhusa ya kuacha. Mkono ukijaa, kazi imekwisha. Aliiweka ngoma chini, ngoma ileile ya siku ya kwanza, akaenda kwenye kioo.

Mkewe, Tumwagile, alikuwa mmoja wa wanawake waliofagia uwanja wa ghala. Nao walikuwa na kanuni yao: punje inayomwagika ni ya mfagiaji, na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha uwanja kilichojulikana. Alifagia, akachekecha mchanga na kokoto, akapeleka nyumbani kilichobaki. Tangu Beda avunjike, wao wawili na binti yao Imani waliishi kwa kile kilichobaki kwenye chekeche.

"Baba Imani," alimwambia asubuhi moja akimtazama anavyovaa, "mbona shati linakupwaya upande wa kushoto?"

"Asubuhi mwili unakuwa haujaamka. Ungeuona jana jioni."

"Jana jioni niliuona. Nauliza wa sasa hivi."

"Mama Imani, kuna uzi pale una mafundo saba. Uzi unasema uongo?"

Tumwagile alichukua ufagio wake mlangoni. "Kwetu wanasema kuvimba si kunenepa," alisema, akaenda zake.

Katika wiki ya kumi, mwezi wa saba, mahindi ya Kilosa yalianza kumiminika na malori yakawa yanapanga foleni. Beda alitoka kwa Goodhope jioni, mkono umejaa pomoni, fundo la tisa limefungwa dakika chache tu zilizopita, akapitia ghalani. Makuli walikuwa wameketi juu ya magunia wakila ugali. Mnyapara wao, Mzee Ditram, alikuwa akinawa mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Beda. Hujambo?"

"Oyaa, namba saba!" akadakia Kondo, kuli ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Umekuja kuiamkia kofia yako? Ilikuwa inakuulizia. Nimeiambia mwenyewe siku hizi ni mwanamitindo, anashinda kwenye kioo."

Watu wakacheka. Beda alivua shati, akaukunja mkono wa kushoto, akautunisha mbele yao. Kicheko kikapungua. Kondo aliinuka, akaubonyeza kwa kidole gumba, kisha akaubonyeza tena.

"Lo! Jamani, huu si mkono, hili ni paja la beberu. Samahani, mwanangu. Nafuta kauli."

Mzee Ditram alijifuta mikono polepole. "Umepona?"

"Nimepona, mzee."

"Nilikuwa nimekupa mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Sina haraka nawe."

Hapo ndipo Beda angeweza kunyamaza. Lakini miezi mitano alikuwa amekaa pembeni akimtazama mkewe akiinama chini ya malori, na mbele yake palikuwa na watu kumi na mmoja wanautazama mkono wake kwa heshima.

"Miezi hiyo siihitaji," alisema. "Nipe Jumamosi hii."

"Ubao haurudiwi, Beda."

"Naujua ubao, mzee."

"Haya. Jumamosi."

Tumwagile alipozisikia habari zile hakugomba. Alimwambia tu kwamba kabla ya Jumamosi aende Kilosa akaonwe mkono, na kwamba asipokwenda, siku hiyo yeye hatakuja uwanjani. Jumatano alfajiri Beda akapanda basi. Aliteremka Kilosa saa tatu, vumbi la barabara limemjaa kwenye nyusi, na hata chai hakunywa. Mkono ulikuwa umelala tangu jana.

Filomena alimkaripia kidogo kwa kupotea, kisha akatoa utepe wa kupimia. Alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akatazama faili.

"Mwezi wa nne ulikuwa sentimita ishirini na sita. Leo ishirini na saba. Umeongezeka, kaka Beda, hongera. Bado uko nyuma ya wa kulia kwa sentimita tano."

Beda alicheka. "Dada, utepe wako una kasoro." Akatoa mfukoni uzi wa katani, akauzungusha mkononi mwenyewe, akivuta ncha moja kwa meno.

Uzi ukamzunguka, ukapitiliza. Fundo la tisa lilining'inia mbali. Akalitafuta la tano, nalo lilipita. Akalitafuta la kwanza, lile alilolifunga siku alipokaa juu ya ndoo ya zege, na hata hilo mkono haukulifikia.

"Ulikuwa unapima saa ngapi?" Filomena aliuliza.

"Jioni. Nikishamaliza vyuma."

"Ukiwa umejaa."

"Ndiyo, nikiwa nimejaa. Ndipo unapoonekana."

Filomena alivuta kiti akakaa karibu naye. "Kaka Beda, ulikuwa unapima damu na maji. Msuli ukifanya kazi, damu huingia kwa wingi kuliko inavyowahi kutoka, na maji yake hupenya ndani ya msuli, ukavimba. Baada ya saa moja au mbili yanaondoka. Huyo ni mgeni, hakuja kukaa."

"Kwa hiyo kujaa ni uongo?"

"Si uongo. Kunaonyesha msuli umefanyishwa kazi. Wapo hata wataalamu wanaodhani huenda kunachangia kidogo kuukuza, lakini hilo bado wanabishana. Kinachoukuza hasa ni mzigo wenyewe kuuvuta, ukaufikisha karibu na mwisho wa nguvu zake, na mzigo ukaongezwa kidogokidogo kadiri unavyozoea. Halafu ule vizuri na ulale. Hata chuma chepesi kinakuza, mradi usiache mapema. Wewe huwa unaacha lini?"

"Nikijaa."

"Mara ngapi?"

"Ishirini."

"Na ungejikaza, ungefika ngapi?"

Beda alitazama sakafu. Hilo alikuwa akilijua muda wote. "Arobaini. Pengine zaidi."

"Na uzito?"

"Ngoma ileile."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

Nje mtu alikuwa akiita majina ya wagonjwa. Filomena alishusha sauti. "Mfupa umeunga vizuri kabisa. Nipe miezi mitatu, na safari hii uje kila ninapokuita, utabeba tena."

"Nina siku tatu, dada."

Alimweleza habari za ubao. Filomena alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema awaombe wamsogezee siku, ni binadamu, watamwelewa. Lakini Filomena hakuwa ameketi juu ya magunia jioni ile, wala hakumsikia mtu akisema miezi hiyo siihitaji.

Alhamisi jioni Beda alikwenda nyumbani kwa Mzee Ditram. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yake kama mtoto anayekwenda kukariri shairi mbele ya darasa. Alimwamkia, akapewa kigoda, akaulizwa habari za Imani.

"Umekuja kwa ajili ya Jumamosi," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa laini kuliko ya ghalani. "Usiwe na hofu. Nimekutengea gunia la mahindi makavu kabisa, yale ya Msowero. Kondo usimjali, ameshawatangazia madereva wote kwamba namba saba anarudi. Nami nimefurahi, Beda. Baba yako alipanda ubao mbele yangu nikiwa kijana, nikasema huyu ndiye mtu."

Maneno yaliyopangwa yakageuka vumbi mdomoni.

"Asante sana, mzee," Beda alisema, na baada ya muda akaaga.

Ijumaa alimfuata Goodhope, akamweleza yote, hata habari za uzi. Goodhope alimsikiliza huku akitazama kioo.

"Huyo dada wa hospitali ameshawahi kunyanyua nini? Kalamu?" Kisha akaona uso wa Beda, akaacha mzaha. "Kaka, mimi sikusoma. Nilijaa, nikakua, ndicho ninachokijua. Kesho kabla hujapanda, ujaze mkono vizuri. Ukiuona umesimama, hata woga utakimbia."

Beda alikuwa ameelezwa ukweli na mtu aliyeusomea, tena alikuwa ameupima mwenyewe kwa uzi wake mwenyewe. Lakini mtu anayezama hachagui cha kushika. Jumamosi asubuhi, baridi bado iko chini ya malori, alijificha nyuma ya lori na madumu mawili ya maji. Mkono wa asubuhi ulikuwa mwembamba, umepauka, na hakuweza kutokea nao mbele za watu. Alikunja mkono na dumu mara ishirini, akarudia, akarudia tena, mpaka ngozi ikabana na mishipa ikapanda. Alipojitokeza bila shati, Kondo alipiga mluzi.

"Njia! Njia! Namba saba anapita!"

Wanaume wawili walilinyanyua gunia wakamtwika mabegani. Lilikuwa zito kama alivyolikumbuka. Alilishika kwa mikono yote miwili kwenye masikio ya gunia, zile pembe mbili zilizokaa nyuma ya shingo, akatafuta pumzi, akakanyaga ubao.

Hatua ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili pia, na miguu ikakumbuka ule mdundo, ubao unashuka na kupanda, na mtu anakwenda nao. Kwenye ya tatu alisikia vidole vya kushoto vikianza kufunguka. Mkono ulikuwa umejaa kuliko siku zote, na ulikuwa umechoka kuliko siku zote. Nguvu yake kidogo ilikuwa imebaki kule nyuma ya lori, ndani ya madumu. Akaamrisha vidole vikaze. Kwenye hatua ya nne havikumtii. Sikio la gunia likachomoka, mzigo wote ukalalia upande mmoja, naye akafanya kile ambacho kila kuli hufundishwa kufanya: akaliacha liende, akajinusuru.

Gunia lilipasuka kwa kishindo. Mahindi yakatawanyika mpaka kwenye magurudumu.

Kondo aliutazama ubao. Dereva mmoja aliyekuwa ameshika simu yake juu akaishusha, akaitia mfukoni.

Mzee Ditram alikwenda mlangoni, akaitungua kofia, akaigeuza ili namba iwe ndani. "Pole, Beda," alisema. "Shuka taratibu, huo ubao una umande." Akaingia ghalani nayo kwapani.

Wanawake wa ufagio walikuwa wamesimama ukutani, fagio zao zimeegemea miguu. Punje iliyomwagika ni ya mfagiaji, na mahindi haya yalikuwa yameanguka kwenye kipande cha Tumwagile. Hapakuwa na mwingine wa kuyagusa. Alisubiri kidogo, labda akitumaini mtu angemwita aende kwingine. Kisha alijifunga kanga kiunoni vizuri, akaja, akapiga magoti chini ya ubao ambao mumewe alikuwa bado juu yake, akaanza kufagia.

Beda alishuka. Alisimama hapo muda mrefu, hajui mikono aiweke wapi. Nyuma yake makuli waliita namba zao na kazi ikaanza. Mtu aliyeitwa Emanueli, aliyekuwa akingoja nafasi tangu Pasaka, alitoka ghalani akiivuta ile kofia ya katani ishuke usawa wa macho, na Beda akageukia upande wa gurudumu.

Alipiga magoti. Tumwagile hakumtazama, alimsogezea upande mmoja wa chekeche. Wakaanza kuchekecha, yeye kwa mkono wa kushoto, mkewe kwa wa kulia, mchanga ukishuka katikati yao na mahindi yakibaki juu yakigongana. Wakajaza, wakamimina, wakajaza tena. Mkono wake ulianza kunywea. Kwanza mishipa ikazama, kisha lile duara likashuka, na jua lilipopita juu ya bati la ghala ulikuwa umeshakuwa ule wa basi la Jumatano, mwembamba. Lakini bado alichekecha, mpaka ukaanza kutetemeka kuanzia begani, mpaka chekeche lenyewe likawa linacheza.

"Umechoka," Tumwagile alisema. "Niachie, nitamalizia."

Juu ya vichwa vyao ubao ulishuka na kupanda.

"Bado," Beda alisema.